Msumeno wa Mkulima na Waya za Kichwani

Njia ya kutoka Babati kwenda Haydom inapita Dareda, kisha inaukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh. Kiangazi ni safari ya vumbi. Masika ni habari nyingine. Wamepita humo wajawazito waliochelewa, vijana walioangushwa na bodaboda, watoto waliobebwa mgongoni huku degedege likiwarudia njiani. Wanakokwenda ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway. Kwa sababu ya hospitali hiyo, mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na kuwekewa makao makuu yake Babati, una ukurasa wake katika historia ya tiba ya ubongo.

Ukurasa huo unaanza na msumeno. Mwaka 2006 alifika Haydom Dilan Ellegala, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Sri Lanka aliyesomea Marekani. Tanzania nzima, yenye watu wapatao milioni 40, ilikuwa na mabingwa 3 tu wa fani hiyo. Haydom ilikuwa na chumba cha upasuaji na wauguzi hodari, lakini haikuwa na hata msumeno wa kukatia fuvu. Aliyeumia kichwa alipona mwenyewe au alikufa. Akaletwa mwanakijiji mwenye jeraha baya la kichwa. Ellegala akanunua kwa mkulima msumeno wa kukatia miti, ukasafishwa mpaka ukaondolewa vijidudu vyote, akalifungua nao fuvu. Mgonjwa akaokoka.

Kisa hiki kimesimuliwa na mwandishi wa Marekani, Tony Bartelme, katika kitabu chake cha mwaka 2017, *A Surgeon in the Village*. Wanaokisikia wengi hubaki na ule msumeno, wakautikisia kichwa, basi. Mimi naona jambo kubwa ni lile lililofuata. Ellegala alipiga hesabu akaona kwamba angepasua usiku na mchana bila kuwamaliza wagonjwa, na tena siku zake za kukaa zilikuwa zinahesabika. Akamtafuta mtu wa kumwachia kazi. Akamwona Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, mtoto wa nyumba ya udongo, mbishi, mwenye mkono mtulivu, asiye na shahada ya udaktari. Kwa miezi sita akamfundisha kuondoa uvimbe kichwani na kuwatibu watoto wenye vichwa vikubwa. Akamfundisha na jambo la tatu: namna ya kumfundisha mwingine. Mayegga akamfundisha wa pili, wa pili akamfundisha wa tatu.

Palikuwa na maneno, na si ya bure. Mtu asiye na shahada anashikaje ubongo? Ila anayeijua hospitali ya wilaya ya Tanzania anajua pia kwamba kwa miongo mingi madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi vijijini, na akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao. Mwaka 2010 matokeo ya mpango wa Haydom yalichapishwa katika jarida la upasuaji wa ubongo, jina la Mayegga likiwa miongoni mwa waandishi. Wakosoaji walipata takwimu za kuzijadili badala ya hofu.

Julai mwaka huo huo wa 2006, jarida la kisayansi la *Nature* lilitoa habari za kijana wa Massachusetts, Marekani. Matthew Nagle alichomwa kisu shingoni mwaka 2001 akapooza kuanzia hapo kwenda chini. Juni 2004 alipandikizwa juu ya ubongo, mahali panapoamrisha mkono, kibati kidogo cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano 96 nyembamba kuliko unywele. Waya zilitoka kwenye fuvu mpaka kwenye kompyuta. Nagle akiwaza kusogeza mkono, alama kwenye kioo cha kompyuta ilisogea. Alifungua barua pepe ya mfano, akabadilisha stesheni za televisheni, akafunga na kufungua vidole vya mkono wa bandia. Kazi hiyo iliongozwa na John Donoghue wa Chuo Kikuu cha Brown, na mradi wenyewe uliitwa BrainGate.

Habari za mwaka mmoja, mafuvu mawili. Moja lilifunguliwa kwa msumeno wa miti ili mtu asife, lingine ili kompyuta isikie mtu anataka nini. Ni rahisi kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani na kuishia kulalamikia umaskini. Hayo yamekwisha kusemwa sana. Kuna historia nyingine inayoyaunganisha, nayo inarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool aliwaambia wenzake kwamba alipogusisha waya kwenye ubongo wa sungura na nyani, sindano ya kipimo chake ilicheza. Ubongo ulikuwa na umeme. Wachache walimjali. Aliyelichukua jambo hilo mpaka kwa binadamu alikuwa Mjerumani Hans Berger, na kilichomsukuma ni kisa ambacho bibi yeyote wa Babati angekiamini bila kuuliza mara mbili. Akiwa mazoezini jeshini, farasi alimwangusha mbele ya gurudumu la mzinga, na gurudumu likasimama hatua chache kabla ya kumponda. Jioni ile ikafika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake kuuliza kama yu mzima, kwa sababu dada yake alikuwa ameshikwa na wasiwasi kwamba amepatwa na jambo. Berger aliishi akiamini mawazo yake yalisafiri, na akatumia maisha yake akitafuta nguvu iliyoyabeba.

Nguvu hiyo hakuipata. Alipata kitu kingine. Tarehe 6 Julai 1924, mjini Jena, alirekodi umeme wa ubongo wa kijana wa miaka 17. Iliwezekana kwa sababu kijana huyo alikuwa amepasuliwa na daktari Nikolai Guleke kwa kushukiwa uvimbe, na kipande cha fuvu kilikuwa kimeondolewa. Mfupa usipokuwapo, umeme ule dhaifu husikika vizuri. Kwa maneno mengine, msomaji wa kwanza wa ubongo alisimama mgongoni mwa mpasuaji. Berger alikaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929, na dunia haikumwamini sawasawa mpaka mwaka 1934, Edgar Adrian na mwenzake wa Cambridge waliporudia jaribio lake wakaona mistari ile ile. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa EEG mpaka leo.

Anayepimwa EEG hahisi kitu, lakini maandalizi yanachosha. Mtaalamu hupima kichwa kwa utepe, kutoka kwenye kibonde cha juu ya pua mpaka kwenye kinundu cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio. Anaweka alama kwa penseli kila asilimia 10 au 20 ya urefu huo, kwa utaratibu uliokubaliwa kimataifa mwaka 1958. Kila alama inasuguliwa, inapakwa uji mzito wa chumvi, inabandikwa kijisahani cha chuma chenye waya. Kwa kawaida vijisahani ni 21. Sasa muweke kwenye kiti dada aliyesuka jana twende kilioni. Vijisahani havigusi ngozi, mistari inayotoka haina maana, na mara nyingi anaambiwa akafumue arudi siku nyingine. Ilichukua mpaka mwaka 2020 kwa Arnelle Etienne, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kubuni na wenzake vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, na msuko wenyewe ukavishikilia. Miaka karibu mia moja mashine ilikuwa ikilaumu nywele.

Afrika Mashariki EEG ilipata kazi yake kubwa pwani. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, huko Kilifi waliwabandika waya watoto waliolazwa na malaria iliyopanda kichwani. Baadhi walikuwa wametulia kabisa, hawajitambui, mikono haitikisiki. Muuguzi akipita angesema afadhali huyu amepumzika. Mistari kwenye karatasi ilionyesha kwamba ndani ya kichwa kile degedege lilikuwa limepamba moto, bila dalili nje isipokuwa pengine jicho linalochezacheza au mate yanayomwagika. Aliyesoma matokeo hayo hawezi tena kumtazama mtoto wa malaria kwa macho ya zamani. Kifaa cha kusikiliza ubongo kilimsemea mtu asiyeweza kusema, na hakuna aliyekiita kiunganishi cha ubongo na kompyuta.

Kwa Manyara habari ya umeme wa ubongo ni habari ya kifafa. Tangu miaka ya 1960 mwanzoni, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, watu waliokuwa wakifichwa au kulishwa peke yao kwa sababu iliaminika povu la mgonjwa linaambukiza. Haydom ilifikiwa na utafiti wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia daktari wa mishipa ya fahamu, Andrea Winkler, na wenzake wa Tanzania. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakahoji watu zaidi ya 7,000. Wakakuta watu karibu 9 katika kila 1,000 wana kifafa. Baadaye wakawapiga picha za CT wagonjwa zaidi ya 200, na katika vichwa vya karibu mmoja kati ya kila 6 wakaona madoa meupe na vifuko: lava wa tegu la nguruwe.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana jambo hili linaeleweka vibaya hata kwa watu waliosoma. Anayekula nguruwe mwenye lava bila kumpika akaiva hupata tegu tumboni, si kichwani. Mayai ya tegu hilo ndiyo yanayotoka na kinyesi, yanaingia kwenye maji, kwenye mboga, kwenye vidole, na anayeyameza ndiye anayepata lava ubongoni. Kwa hiyo mtu asiyewahi kuonja kitimoto maisha yake yote anaweza kupata kifafa kwa sababu ya choo cha jirani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Helena Ngowi akiongoza, walichapisha matokeo ya nguruwe wa wilaya ya Mbulu: kiasi cha 17 katika kila 100 walikuwa na lava. Hakuna chipu ya kichwani inayoshindana na choo kizuri na nguruwe aliyefungiwa bandani.

Na bado, wako ambao choo kimekwisha kuchelewa kwao, na dawa haziwatoshi. Kwa watu hao historia ya waya inaendelea.

Wilder Penfield wa Montreal, kuanzia miaka ya 1930, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akawagusa ubongo kwa umeme kidogo huku akiwauliza wanahisi nini, akaichora ramani ya mahali pa mkono, pa mdomo, pa mguu. Mwaka 1963 José Delgado alisimama uwanjani Córdoba, Hispania, mbele ya fahali aliyepandikizwa waya kichwani, akamsimamisha kwa kubonyeza kitufe. Picha hiyo ilizunguka dunia, ikawatia watu hofu ambayo haijaisha. Kisayansi, tukio la maana zaidi lilikuwa la mwaka 1969, mjini Seattle. Eberhard Fetz alimfundisha nyani kuchezesha mshale wa kipimo kwa kutumia seli moja tu ya ubongo wake, akilipwa chakula kila alipofaulu. Nyani alijifunza, maana yake ni kwamba ubongo unaweza kuzoea kutumia njia ambayo Mungu hakuuwekea. Miaka minne baadaye, Jacques Vidal wa Los Angeles aliandika makala yaliyoipa fani hii jina lake: kiunganishi cha ubongo na kompyuta.

Wa kwanza kunufaika walikuwa watu waliofungiwa ndani ya miili yao. Mwaka 1999 Niels Birbaumer wa Tübingen alionyesha wagonjwa waliopooza mwili mzima wakiandika barua kwa EEG, herufi baada ya herufi, kwa uvumilivu usiosemeka. Ubaya wa EEG ni ule wa kusikiliza harusi ukiwa nje ya ukumbi: utajua kama ngoma inapigwa, hutajua nani kasema nini. Ndiyo maana wengine waliamua kuingia ndani. Mwaka 1998 Philip Kennedy na Roy Bakay, mjini Atlanta, walimpandikiza waya Johnny Ray, mtu aliyekuwa amepigwa kiharusi cha shina la ubongo, akaweza kusogeza alama kwenye kompyuta. Baada yake akaja Nagle.

Halafu mambo yakaenda kasi. Mwaka 2012 *Nature* lilichapisha habari za Cathy Hutchinson, aliyepooza kwa kiharusi karibu miaka 15 kabla, akiongoza mkono wa roboti kwa mawazo, akaisogeza chupa ya kahawa mdomoni, akanywa. Nimeitazama video hiyo; kitu kisichosahaulika si roboti, ni tabasamu lake baada ya kuishusha chupa. Mwaka 2021 mwanaume mmoja aliyepooza aliwaza anaandika kwa mkono, na kompyuta ikatoa herufi 90 kwa dakika. Mwaka 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza habari za Casey Harrell, mgonjwa ambaye maradhi ya mishipa ya fahamu yalikuwa yamemnyang'anya usemi. Sindano 256 zilisoma anachojaribu kutamka, kompyuta ikakitamka kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na rekodi zake za zamani, na ikapatia maneno 97 kati ya kila 100. Januari mwaka huo huo kampuni ya Neuralink ilimpandikiza Noland Arbaugh nyuzi zenye elektrodi 1,024. Kila mtu alisikia. Waliosikia kwamba wiki chache baadaye baadhi ya nyuzi zilichomoka ubongoni ni wachache zaidi.

Wapo pia wanaokwepa msumeno kabisa. Kampuni ya Synchron, iliyoanzia Melbourne, hupitisha kifaa chake kwenye mshipa mkubwa wa shingo mpaka juu ya ubongo, kikakaa ndani ya mshipa wa damu. Wagonjwa wa kwanza walikipata mwaka 2019. Kifaa hicho husikia machache kuliko sindano za Nagle, lakini fuvu halifunguliwi.

Ni Melbourne pia palipotokea kisa ambacho ningependa kila anayeshangilia vifaa hivi akijue. Kuanzia mwaka 2010, kampuni moja ya Marekani, NeuroVista, iliwapandikiza watu 15 wenye kifafa sugu kifaa cha kusoma ubongo muda wote na kuwasha taa ya onyo kabla degedege halijafika. Mark Cook na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2013: kwa baadhi ya wagonjwa kilitabiri vizuri. Mama mmoja alisema hakuwa tena na hofu ya kutoka nyumbani, akakiona kifaa kile kuwa sehemu yake. Kisha kampuni ikaishiwa fedha, na waliopandikizwa wakaambiwa vifaa vitolewe. Mama huyo na mumewe walifikia kutaka kuweka nyumba yao rehani wakinunue. Haikuwezekana. Kikatolewa. Hadithi ya pili ni ya macho: zaidi ya vipofu 350 duniani walipandikizwa jicho la bandia la kampuni ya Second Sight, ambayo iliacha kulitengeneza, ikakaribia kufilisika mwaka 2020, na wenye macho hayo wakabaki na chuma kisicho na fundi.

Hayo yalitokea nchi zenye mahakama, bima na magazeti makali. Ukiisoma historia hii kutoka upande wa huku, unaanza kuona kwamba mashine ndiyo sehemu yake nyepesi. Uzito uko kwa atakayebaki wakati mgeni, kampuni au mfadhili amekwisha kupanda ndege. Ellegala aliliona hilo Haydom na akalifanyia kazi kabla ya kuondoka. Wenye NeuroVista hawakulifanyia kazi.

Uganda kuna mtu mwingine aliyeliona mapema. Benjamin Warf, mpasuaji wa watoto kutoka Marekani, alihamia Mbale mwaka 2000 na familia yake, kwenye hospitali ya CURE. Walimjia watoto wenye maji kichwani kwa mamia. Tiba iliyozoeleka ni mrija unaoyateremsha maji hayo tumboni, na mrija ni mzuri mpaka uzibe. Ukiziba, mtoto ana saa au siku chache. Kwa mama anayekaa mwendo wa siku mbili kutoka hospitali, mrija huo ni bomu. Warf akaunganisha njia mbili zilizokuwapo: kutoboa kijitundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia nyingine, na kuchoma tishu zinazoyatengeneza. Hakuna kinachobaki kichwani cha kuharibika. Jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 halikuona tofauti kati ya njia hiyo na mrija baada ya mwaka mmoja. Leo madaktari wa Marekani wanaitumia njia iliyokomazwa Mbale. Watu wa fani ya chipu wangefanya vizuri kwenda kukaa huko wiki mbili.

Wilaya ya Hai, ng'ambo ya Arusha, ilitoa somo linalofanana na hilo. Mwaka 1987 Alim Louis Benabid wa Grenoble alionyesha kwamba waya unaotoa umeme ndani kabisa ya ubongo hutuliza mtetemeko. Siku hizi ni tiba ya kawaida ya ugonjwa wa Parkinson kwa wenye uwezo. Catherine Dotchin, Richard Walker na wasaidizi wao wa Hai walipita katika wilaya yenye watu 161,000 wakitafuta wenye ugonjwa huo, wakawakuta 33. Wengi wao hawakuwa wameambiwa na yeyote wanaumwa nini. Familia zilidhani ni uzee, au uchawi. Kabla ya waya, hata kidonge hakikuwa kimewafikia wengi wao.

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa sana, nacho ni lugha. Mashine ya Harrell haisomi mawazo, tusidanganyane. Inakisia sauti za Kiingereza anazojaribu kutamka, kisha inazipeleka kwenye programu iliyosoma Kiingereza kingi mno, nayo inachagua neno linaloelekea zaidi kati ya maneno 125,000. Kiswahili hakikai vizuri kwenye orodha ya namna hiyo, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na maumbo yake hayahesabiki kirahisi. Itabidi mtu aifundishe mashine upya, kwa maandishi na sauti za Waswahili. Na mzee wa Bonga aliyepigwa kiharusi, ambaye Kiswahili alikijulia shuleni na sokoni lakini na mkewe huongea Kigorowa? Au bibi wa Dareda wa Kiiraqw? Kama maandishi na rekodi za lugha hizo hazikukusanywa wakati wenyewe wanasema, hakuna daktari atakayeweza kuwarudishia usemi kwa mashine ya aina hii.

Mpaka hapa msomaji wa Babati anaweza kudhani habari hizi zote ni za kwingine. Lakini kiungo cha bandia cha mfumo wa fahamu kilichowafikia watu wengi kuliko vyote kiko Tanzania tayari. Februari 1957, mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès waliweka waya karibu na neva ya kusikia ya mtu kiziwi, akasikia milio. William House wa Los Angeles akaliendeleza wazo hilo kuanzia mwaka 1961, akibezwa na wenzake, na mwaka 1984 kifaa chake kikaruhusiwa rasmi Marekani. Kina sehemu mbili: ya nje, nyuma ya sikio, inayonasa sauti na kuigeuza kuwa umeme, na ya ndani, waya mwembamba uliosokotwa ndani ya koklea, kijikonokono cha ndani ya sikio, ambao huipa neva umeme huo moja kwa moja. Ubongo hujifunza kuutafsiri, kama nyani wa Fetz alivyojifunza.

Kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikiwapeleka watoto wachache India kwa upasuaji wa kupandikizwa kifaa hicho, kwa gharama kubwa. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuufanya hapa nchini, wataalamu wa nje wakishirikiana na wa ndani, na gharama ikashuka sana. Habari zikaandikwa, picha zikapigwa. Kilichoandikwa kidogo ni kazi inayofuata. Kifaa kinawashwa wiki kadhaa baada ya kidonda kupona. Kisha mtaalamu anakirekebisha mara kwa mara, elektrodi moja moja, akimtazama mtoto usoni kujua kama sauti imekuwa kali mno. Mtoto anahitaji mwalimu wa kumfundisha kusikia na kusema, kwa miaka. Sehemu ya nje inataka betri, na nyaya zake zinakatika. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251 za lami zilizozinduliwa mwaka 2018, imeifupisha safari ya Dar es Salaam, lakini hakuna mzazi mkulima anayeweza kuifunga safari hiyo kila waya unapokatika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara ikipata hata mtaalamu mmoja wa usikivu wa kukaa, atawafaa watoto hao kuliko ujumbe kumi wa wageni wa wiki moja.

Tiba hii ina saa yake. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hunufaika zaidi akipandikizwa mapema, na baada ya kufika umri wa miaka mitano faida hupungua sana, kwa sababu ubongo uliokosa sauti huipa sehemu ile kazi nyingine. Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo ana muda mfupi zaidi, kwani mfupa unaweza kuota ndani ya koklea na kuziba njia ya waya. Basi mzazi wa Babati, Magugu au Galapo ambaye mtoto wake wa miezi sita hashtuki mlango ukibamizwa, wala hageuki akiitwa, asingoje afike darasa la kwanza. Aende kituo cha afya kilicho karibu, aombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kabla ya kutia saini karatasi yoyote aulize ni nani atakayemrekebishia mtoto kifaa mwaka wa pili, na mwaka wa kumi.